Jani la Kuliwa

Jani la mndimu lililoliwa na kiwavi halifanani na jani lililochanwa na upepo wala lililobabuka kwa jua. Ukingo wake umekatwa kwa unadhifu, nusu duara baada ya nusu duara, kutoka pembeni kuelekea kwenye uti wa katikati, na uti wenyewe mara nyingi huachwa umesimama peke yake. Asubuhi, jua likiwa bado chini, mwanga hupita katika nafasi hizo na kutua ardhini vipande vipande. Ukilisugua kwa vidole, jani hilo hutoa harufu ileile ya jani zima, harufu tunayoijua tangu utotoni, tulipofunikwa blanketi juu ya sufuria ya majani ya mlimau na mwarobaini ili homa itoke pamoja na jasho. Huku kwetu Muheza, nchi ya machungwa, karibu kila ua una mti mmoja wa jamii hiyo: mchungwa, mchenza, mndimu, au mdanzi wa zamani ambao hakuna anayekumbuka ulipandwa na nani. Nami kila nikiyatazama majani yake yaliyotobolewa hujikuta narudi kwenye swali moja. Jani hili limeharibika, au limefanya kazi yake?

Mama wa kiwavi hakuja hapa kula. Yeye hunywa maji matamu ya maua popote anapoyakuta, hata kwenye lantana iliyojiotea kando ya reli. Ni kipepeo mkubwa, mweusi, mwenye madoa mengi ya njano hafifu. Wataalamu humwita Papilio demodocus. Anapotafuta pa kutagia, mruko wake hubadilika. Huacha maua, hushuka chini, huenda kwa kusitasita kutoka mti hadi mti, na kila anapotua hugusagusa jani kwa miguu yake ya mbele, kwa maana ladha ya jani huionja kwa miguu. Hugusa mpera, akaondoka. Hugusa mwembe, akaondoka. Maua yote ya ua mzima hayawezi kumshawishi katika saa hiyo. Akiufikia mndimu hupinda tumbo huku mabawa yakiendelea kupiga, akaacha yai moja la mviringo, la rangi ya krimu, dogo kuliko punje ya mtama, juu ya jani changa. Kisha huenda zake, na huyo mtoto hatamwona kamwe. Hana maziwa ya kumpa wala kiota cha kumlaza. Urithi wote anaomwachia ni mahali. Akikosea mahali, kiwavi ataanguliwa juu ya shibe ya wengine na atakufa njaa akiwa amezungukwa na majani.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Anayetaka kuliona yai hilo lazima asogeze matawi yenye miiba, ageuze majani, akubali kuchomwa mkono. Kiwavi anayetoka humo, siku zake za mwanzo, ni kitu cha kahawia chenye baka jeupe mgongoni, kimetulia wazi juu ya jani, na ndege apitaye humdhania kuwa kinyesi cha ndege mwenzake. Akila na kukua, ngozi humbana, akaivua, akavaa nyingine, akaivua nayo, mpaka ile ya mwisho inayokuja na ukijani wa jani lenyewe na mikanda ya mshazari. Ukimgusa hutokeza nyuma ya kichwa uma laini wa rangi ya chungwa, na pamoja nao harufu kali inayotosha kumfanya sisimizi au mtoto mdadisi arudi nyuma. Hapo ndipo wengi wetu humwangusha chini na kumponda kwa kandambili.

Jambo hili hunishughulisha kuliko mengine yote. Kifaranga tunakipenda, kuku tunamchinja. Kitoto cha mbuzi tunakibeba kifuani, beberu tunamwekea bei. Kwa kipepeo tumeupindua utaratibu: tunampenda akiwa amekomaa, tunamwonyesha mtoto kwa kidole, tunamtia kwenye khanga na kwenye kadi za harusi, lakini utoto wake tunaukanyaga. Kiwavi hana wa kumtetea. Ni mlaji, ana manyoya au miiba, anatambaa, na anaacha ushahidi wa ulaji wake mahali ambapo wageni watauona. Wala hatuna desturi ya kuuliza kiumbe tunayemsifu hewani alikuwa wapi juma lililopita, alikuwa nani, na alikula nini kwa gharama ya nani.

Niliwahi kusimama kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, pale panapouzwa maua ya karatasi ya kila rangi, alamanda za njano, na miti midogo iliyokatwa umbo la duara. Nikamwomba kijana muuzaji mmea ambao viwavi wanaupenda. Alinitazama kwa heshima. "Mama, miche yangu yote nimeipulizia dawa," akasema. "Hapa hutaona hata jani moja lenye tundu." Alisema hivyo ili kunitoa wasiwasi, nami namwelewa, kwa kuwa mteja wake wa kila siku hutaka hasa hicho. Lakini neno lake lilinifuata hadi nyumbani. Bustani isiyo na hata jani moja lenye tundu ni bustani ambayo hakuna kilichozaliwa ndani yake. Vipepeo wataipitia, ndiyo, wakiwa wamezaliwa kwingine, kwenye kichaka ambacho bado hakijafyekwa, na kichaka kikifyekwa maua yote ya karatasi ya mji mzima hayatamrudisha hata mmoja. Maua humpokea kipepeo kama mgeni wa barazani, anayepewa maji na kuaga. Jani ndilo linalomfungulia mlango wa ndani, likampa chumba, likamlea.

Na jani hilo haliwezi kuwa lolote. Mimea haikukaa kimya ikisubiri kuliwa. Kila ukoo wa mimea umejitengenezea sumu, uchungu, utomvu, mafuta yenye harufu, na kila kundi la viwavi limejifunza kwa vizazi vingi kustahimili sumu ya ukoo mmoja au michache. Mwaka 1964 wanasayansi wawili wa Marekani, Paul Ehrlich na Peter Raven, waliandika makala mashuhuri wakionyesha kwamba ukiyapanga makundi ya vipepeo kwa vyakula vya viwavi wao, utaona historia ndefu ya mimea kujilinda na wadudu kuupenya ulinzi huo, kila upande ukimbadilisha mwenzake. Harufu ya ndimu, ile iliyotutoa homa, ni sehemu ya silaha za mti. Na kipepeo wetu mweusi ameigeuza silaha hiyo kuwa alama ya njia. Ndiyo maana hapotei.

Ukitembea uani ukiwa na jambo hili moyoni, miti huanza kusomeka upya. Mstafeli na mtopetope ni nyumba za vipepeo wa jamii ya Graphium, wenye mabawa membamba na mruko wa haraka. Mbarika, uliojiotea kwenye jalala la zamani, na ambao mbegu zake lazima ziwekwe mbali na watoto, hulea Eurytela dryope, kipepeo wa kahawia mwenye mkanda wa rangi ya chungwa. Mwingajini na jamaa zake wa jenasi ya Senna huvuta Catopsilia florella, wale weupe na wa njano ambao katika majira fulani hupita kwa makundi wakielekea upande mmoja, na watu husimama njiani kuwatazama. Mipesheni na mitambaazi ya ukoo wake hutagiwa mayai kwa mafungu na vipepeo wa jamii ya Acraea, na hapo utaona viwavi wengi wenye miiba wakila bega kwa bega.

Mtambaazi ninaoupenda kuliko yote ni ule wa uzio, wenye majani ya umbo la moyo na utomvu mweupe unaonata vidoleni: Pergularia daemia. Hakuna kitalu kinachouuza. Huota wenyewe, hupanda juu ya waya na michongoma, na watu huukata kila unapochomoza. Juu yake hulelewa Danaus chrysippus, kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, ambaye huenda ndiye aliyetazamwa na wanadamu kwa muda mrefu kuliko wote. Wachoraji wa Misri ya kale walimchora katika kaburi la Nebamun, karibu mwaka 1350 kabla ya Kristo, akipepea juu ya mafunjo. Kiwavi wake ana pete nyeusi, nyeupe na njano, hajifichi, kwa kuwa sumu ya utomvu anaoula humwingia mwilini na kubaki humo hata baada ya mabawa kuota. Ndege anayemla mara nyingi hutapika, na siku nyingine akiiona rangi ile humpisha.

Sasa yupo kipepeo mwingine, Hypolimnas misippus. Dume lake ni jeusi lenye madoa makubwa meupe yaliyozungukwa na zambarau inayong'aa. Jike halifanani na dume hata kidogo: limevaa rangi ya chungwa, ncha nyeusi, madoa meupe, sura kamili ya Danaus, ingawa yeye halindwi na sumu ile ya utomvu. Anaishi kwa heshima aliyopewa mwingine. Na viwavi wake hula nini? Hula tikini, Asystasia gangetica, gugu lile la maua meupe linalojaa kivulini wakati wa masika, ambalo mama zetu wa Kibondei na Kisambaa huchuma machipukizi yake na kuyapika kwa nazi. Nikilifikiria hili hunishika mshangao ambao sitaki unitoke. Usalama wa kipepeo mmoja, aliyelelewa kwenye mboga ya chungu chetu, umefungamana na mtambaazi wa sumu ulio kwenye uzio. Ukikata ule mtambaazi, Danaus huadimika. Danaus akiadimika, ndege husahau somo. Ndege wakisahau, vazi la jike la misippus halimlindi tena, hata kama tikini imejaa ua mzima. Anayefagia uzio hajui amevunja ahadi iliyowekwa upande wa pili wa nyumba.

Ilichukua muda mrefu kwa watu wa vitabu kukubali kwamba kiwavi na kipepeo na jani ni habari moja. Katika karne ya 17 wengi huko Ulaya bado waliamini kwamba wadudu huzuka tu kutoka kwenye matope na vitu vinavyooza. Maria Sibylla Merian, aliyezaliwa Frankfurt mwaka 1647, alianza akiwa msichana mdogo kufuga viwavi na kuwachora. Kitabu chake cha mwaka 1679 kilifanya jambo ambalo leo laonekana dogo: katika ukurasa mmoja aliweka kiwavi, pupa na kipepeo, wote juu ya mmea ambao kiwavi huula. Mwaka 1699, akiwa na umri wa miaka 52, alivuka bahari hadi Surinam pamoja na binti yake ili kufanya hivyohivyo kwa wadudu wa nchi ya joto, na kitabu kilichotokana na safari hiyo kilichapishwa Amsterdam mwaka 1705. Kinachonigusa katika picha zake ni kwamba hakuyatengeneza majani. Yana matundu. Yamekunjamana pale yalipoliwa, kingo zimeparuzika, na mwanamke aliyejua kuchora ua kwa ukamilifu alichagua kuuchora ulaji kwa uangalifu uleule. Kabla yake wengi walichora kipepeo akiwa peke yake katika karatasi nyeupe, kiumbe asiye na nyumba.

Ukipanda kutoka Muheza kuelekea milimani, barabara ya vumbi inakufikisha Amani, katika Usambara Mashariki. Wajerumani walianzisha pale mwaka 1902 taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakaleta miti kutoka pande zote za dunia: mipira, mikwinini, michikichi, viungo, miti ya mbao. Kila mti uliulizwa utamfaa mtu kwa nini, na kwa bei gani. Mingine ilitulia bustanini. Mmoja, Maesopsis eminii, ulitoka na kuenea ndani ya msitu wa asili, na hadi leo unashindana na miti iliyokuwapo. Karne moja baadaye, katika vijiji vilevile, wakulima walianza kuchagua mimea kwa swali jingine. Chini ya mradi wa vipepeo wa Amani, walichukua vipepeo majike kutoka msituni, wakawaweka katika vizimba vya neti pamoja na mimea ya kutagia, wakalea viwavi, wakauza pupa kwa nyumba za maonyesho za ng'ambo, kwa kuwa pupa hali wala hanywi na anaweza kupanda ndege akiwa amelala. Kenya ilikuwa imetangulia: mradi wa Kipepeo ulianza Gede mwaka 1993, pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke, ili Wagiriama waishio kando ya msitu wapate riziki kutokana na msitu uliosimama.

Ninawaza juu ya akili iliyohitajika. Mkulima aliyefundishwa maisha yake yote kuua kiwavi alilazimika kujua, kwa kila kipepeo, ni mti upi au mtambaazi upi, kuuchimbua mche msituni, kuupanda karibu na jiko, kuumwagilia kiangazi, na kufurahi anapouona umeliwa hadi kwenye vijiti. Maarifa ya namna hiyo hayapatikani kwa semina. Hupatikana kwa kukaa na mmea mpaka uujue hata gizani. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipopiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, vipepeo wakiwamo, soko la watu wa Amani lilifungwa. Fedha zilikatika. Lakini naamini kwamba mtu aliyekwisha kujua ni jani gani linamlea nani hawezi tena kufyeka kwa macho yaleyale, na ningependa maarifa hayo yahesabiwe kuwa mali ya taifa hata yasipoleta shilingi.

Kwa hiyo, nikiulizwa nipande nini, jibu langu huanza kwa kuuliza nini tayari kipo. Kabla ya kununua mche, angalia uzio, angalia nyuma ya choo, angalia kivuli cha mwembe. Mimea ya mahali na wadudu wa mahali wamejuana kwa muda ambao sisi hatuwezi kuununua. Huko kusini mwa Marekani watu wenye nia njema walipanda bustanini Asclepias curassavica, mmea wa kigeni wa maua mekundu, ili kuwasaidia vipepeo maarufu wahamao. Mmea huo, kwa kuwa haukauki majira ya baridi katika sehemu zenye joto, ukawa mahali pa vimelea kurundikana kutoka kizazi hadi kizazi. Chakula kilikuwapo mwaka mzima, na hilo lenyewe likawa ugonjwa. Huruma nayo inahitaji kujua majira.

Dawa nazo lazima zisimame, hata zile tunazoziita za asili. Maji ya mwarobaini ambayo wengi hunyunyizia mchicha humzuia kiwavi kujivua ngozi, naye hufa akiwa amebanwa ndani ya umbo lake la zamani. Hayachagui kati ya mharibifu wa mchicha na mtoto wa Papilio. Miche michanga ya michungwa kitaluni inastahili ulinzi, kwa kuwa viwavi wachache wanaweza kuumaliza mche mmoja. Lakini hao huokotwa kwa mkono na kuhamishiwa kwenye mti mkubwa, ambao hautahisi hasara. Wengi wao hata hivyo hawatafika. Kuna nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya miili yao, kuna sisimizi, kuna ndege wenye makinda ya kulisha, na makinda hayo hulelewa kwa viwavi kuliko kwa mbegu. Anayepanda jani la kuliwa hapati haki ya kuamua nani atashiba nalo. Hili limenifundisha subira ambayo sikuipata kwenye kilimo cha kuhesabu magunia.

Mtambaazi wangu wa utomvu mweupe umevuka uzio mwaka huu, umeshika mti wa jirani, na juzi alinijia akiwa na panga mkononi, mzee wa makamo anayependa ua wake ufagiliwe mpaka mistari ya ufagio ionekane. Nilimwamkia, nikampeleka upande ule, nikamwonyesha kiwavi mwenye pete akila, kisha pupa wa kijani hafifu mwenye vidoa vya dhahabu akining'inia kwenye waya uleule wa senyenge. Aliinama akatazama muda mrefu. Akaniuliza huyo atatoka lini, na kama utomvu ule unaweza kumdhuru mbuzi wake. Nikamwambia mbuzi asiufikie, tuufunge upande wa juu. Siku za pupa zikiisha, matawi yaliyoelekea kwake tutayapunguza pamoja, na yaliyo kwangu yabaki. Alikubali, ila alitaka kamba iwe ya kwake, kwa kuwa yangu, alisema, haitafika hata vuli.